Haki ya Kusadiki Kisichoonekana

Jioni moja ya kiangazi hapa Vurra, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kongo, nilikuwa nikiwasomesha wanafunzi ufahamu juu ya maada ya giza, ambayo wataalamu wa nyota husema haitoi nuru wala haiizuii. Kijana mmoja akasimama. "Mwalimu, mtu akifa ghafla, watu husema kuna mkono usioonekana, nawe hutukataza kuusadiki. Mbona hawa wa nyota wasadikiwe?"

Swali hilo si la mzaha, maana kwa sababu ya mkono huo watu wamefukuzwa makwao.

Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya mwendo wa galaksi ya Andromeda. Sayari zilizo mbali na jua huenda polepole kuliko zilizo karibu. Lakini huko, mwendo wa ukingoni haukupungua ilivyotazamiwa. Basi ama kuna uzito uliofichika unaoishikilia galaksi isitawanyike, ama sheria ya mvutano yapasa kurekebishwa, kama alivyopendekeza Mordehai Milgrom mwaka 1983.

Yote mawili yamewahi kutokea. Uranus ilipopotoka katika njia yake, Urbain Le Verrier alikokotoa mahali pa sayari isiyojulikana, na Neptune ikaonekana Berlin mwaka 1846. Utaridi nayo ilipopotoka, bwana yule yule akadai sayari nyingine. Hiyo haikupatikana kamwe. Mwaka 1915 Einstein alionyesha kwamba kasoro ilikuwa katika sheria yenyewe.

Mimi naegemea upande wa maada ya giza, kama wataalamu wengi, ingawa hata vyombo vilivyowekwa chini ya milima ili kuinasa havijaithibitisha.

Kijana nilimjibu siku ya pili. Le Verrier alitaja mahali, watu wakatazama. Alipokosea, kosa likajulikana. Lakini anayemtaja jirani yake kuwa mchawi, ni kipimo gani kitakachomwumbua? Mtuhumiwa akikana, huambiwa anaficha. Akinyamaza, huambiwa amekiri. Dhana isiyoweza kushindwa haistahili kumhukumu mtu.

Alifikiri kitambo, kisha akasema, "Lakini Fritz Zwicky aliitaja maada hiyo tangu mwaka 1933. Wataitafuta hadi lini kabla ya kukubali kwamba wameshindwa?"

Nilimwomba aliandike swali hilo ubaoni. Hatukulifuta hadi Ijumaa.