MZIGO NA FURUSHI: NAMNA YA KUSHAURIANA BILA KULAUMIANA

Somo la msingi: Wagalatia 6:2-5
Masomo mengine: Ayubu 2:11-13, 42:7, Yohana 5:1-9, Yeremia 28 na 29



 

Leo tunapenda tujifunze habari ya kushauriana. Jambo hili linatuhusu sote, kwa sababu karibu kila jioni kuna mtu anayebisha hodi kwa mzee wa kanisa, kwa mama shemasi au kwa jirani, naye ana neno zito moyoni. Mmoja ana kijana aliyeacha shule. Mwingine posho imepungua na ndani ya nyumba hakuna amani. Mwingine safari yake ya Marekani ilikuwa karibu, lakini Januari 2025 nchi hiyo ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, akabaki na mabegi yaliyofungwa. Huyu akija kwetu, tumwambie nini?

Wako washauri wa namna mbili, na wote wawili wanaumiza. Wa kwanza anasema: "Yote ni uamuzi wako. Ukiamua, utafanikiwa. Ukishindwa, hukutaka." Wa pili anasema: "Pole sana. Wewe huna la kufanya. Haya yote ni ya vita, ya serikali na ya mashirika. Ngoja tu." Yule wa kwanza anamtwisha mtu gunia lisilo lake. Yule wa pili anamkata mikono.

Mtume Paulo anatuonyesha njia nyingine. Katika Wagalatia sura ya 6, mstari wa 2, anatuagiza tuchukuliane mizigo. Kisha mstari wa 5 anasema kwamba kila mtu ana furushi lake la kuchukua mwenyewe. Wengine husoma na kudhani kwamba Paulo anajipinga. Hapana. Katika Kiyunani ametumia maneno mawili tofauti. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu. La pili ni mzigo wa kadiri ya mtu, ule uliopimwa kwa mabega yake.

Sisi tuliokimbia tunaielewa tofauti hiyo. Siku ya kukimbia kutoka Masisi, Rutshuru, Fizi au kwingine, hata mtoto mdogo alifungiwa furushi lake kichwani. Lakini bibi asiyeweza kutembea hakuambiwa ajibebe. Vijana walipokezana kumbeba. Hakuna aliyesema bibi ni mvivu, wala hakuna aliyembeba mtoto pamoja na furushi lake wakati miguu yake ilikuwa mizima.

1. MZIGO: YALE TUSIYOYACHAGUA

Hakuna mtu hapa aliyechagua vita. Hakuna mama aliyechagua kubakwa. Hakuna mtoto aliyechagua kuwa yatima. Aprili 2020 posho katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda ilipunguzwa kwa asilimia 30, na baada ya hapo imepunguzwa tena. Hakuna familia iliyopiga kura kwa hilo. Mambo haya ni mizigo, na neno la kwanza la mshauri juu ya mzigo ni kusaidia kuubeba.

Tazama rafiki za Ayubu. Walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Walipofungua vinywa wakaanza kutafuta kosa lake: lazima ulifanya jambo, mateso hayaji bure. Mwishoni Mungu mwenyewe aliwakasirikia (Ayubu 42:7). Kwa hiyo mshauri anayemwambia mjane kwamba mumewe aliuawa kwa sababu nyumba ile haikuomba vya kutosha, huyo ameketi katika kiti cha rafiki za Ayubu. Na ajue ni nani aliyewakasirikia.

2. FURUSHI: YALE YALIYO MIKONONI MWETU

Hata hivyo, baada ya kulia pamoja, bado kuna kesho asubuhi. Hapa tunaweza kujifunza kwa daktari mmoja wa Marekani, William Glasser, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2013. Alisomea kwanza uhandisi wa kemia, kisha akawa daktari wa magonjwa ya akili. Huko California alifanya kazi katika shule ya serikali ya wasichana waliovunja sheria. Aliona kwamba kuchimba mambo ya zamani peke yake hakuwasaidii sana. Kilichowasaidia ni mtu aliyewapenda, aliyekuwa karibu nao, na aliyewauliza wanafanya nini sasa. Mwaka 1965 alitoa kitabu juu ya njia hiyo, na mwaka 1998 akatoa kingine juu ya nguvu ya mtu kuchagua.

Alifundisha kwamba kila mwanadamu anahitaji mambo matano: kuishi salama, kupendwa na kuwa na watu wake, kuona kwamba anaweza na ana thamani, kuwa huru, na kufurahi. Alifundisha pia kwamba mtu ni kama gari lenye magurudumu manne. Mawili ya mbele ni matendo na mawazo. Mawili ya nyuma ni hisia na mwili. Usukani hugeuza magurudumu ya mbele, na ya nyuma hufuata. Huwezi kuuamrisha moyo wako usiwe na huzuni leo. Unaweza kuamka, kunawa uso, kuchota maji na kumsalimu jirani. Mara nyingi moyo hufuata polepole.

Mwalimu mwingine wa njia hiyo, Robert Wubbolding, aliipanga katika maswali manne ambayo hata mzee wa kanisa asiyesoma sana anaweza kuyashika:

(a) Unataka nini?
(b) Kwa sasa unafanya nini?
(c) Hayo unayofanya, yanakufikisha kwenye unalolitaka?
(d) Basi utafanya nini, na lini?

Tuchukue mfano. Baba mmoja, tangu safari yake ikwame, hashiki tena jembe, na jioni anarudi amelewa waragi. Mzee wa kanisa anamtembelea.

"Baba, unataka nini?"

"Nataka kutoka hapa, mzee."

"Na sisi tunaomba utoke salama. Lakini hilo liko mikononi mwa wengine. Humu ndani ya nyumba yako, unataka nini?"

Baba anakaa kimya kwanza. "Nataka watoto waniheshimu kama zamani."

"Jana, tangu asubuhi, ulifanya nini?"

"Nililala hadi saa nne. Kisha nikaenda senta. Nikarudi usiku."

"Siku kama hiyo inakupeleka kwenye heshima hiyo?"

"Hapana, mzee."

"Basi kesho?"

"Naacha pombe kabisa!"

"Ni jambo jema, lakini ni kubwa. Kesho saa moja asubuhi utafanya nini?"

"Nitampeleka mdogo shuleni. Kisha nitapalilia maharage, mistari miwili."

"Vema. Nitapita jioni kuyaona hayo maharage."

Angalieni mambo matatu katika mazungumzo haya. Mzee hakumhubiria mtu huyo habari za walevi. Neno "hapana" lilitoka kinywani mwa baba mwenyewe, na neno la mtu mwenyewe lina nguvu kuliko la mhubiri. Tena mpango ni mdogo, una saa yake, na haumngoji mtu wa ofisini. Na asipopalilia je? Glasser alifundisha kwamba mshauri asikubali visingizio, asimwadhibu mtu, na asimwache. Atapita tena kesho kutwa na kuuliza: "Leo je?" Ikibidi atakuja na jembe lake. Hapo wawili wanachukuliana mzigo, na furushi bado ni la mwenyewe.

3. "GLASSER HAKUISHI KAMBINI"

Mtu atasema: "Daktari huyo aliishi katika nchi huru. Anajua nini habari za wakimbizi?" Ni swali la haki. Basi tumsikilize Viktor Frankl, daktari Myahudi wa Vienna, aliyezaliwa mwaka 1905. Mwaka 1942 Wanazi walimpeleka pamoja na familia yake kambi ya Theresienstadt, na mwaka 1944 akapelekwa Auschwitz. Alifunguliwa mwaka 1945. Baba yake, mama yake, ndugu yake na mke wake walikuwa wamekufa katika makambi. Mtu huyo aliandika kwamba watu wanaweza kukunyang'anya kila kitu, isipokuwa namna utakavyoyapokea yale yaliyokupata. Lakini hakusema hata kidogo kwamba wafungwa waliichagua kambi. Waliojenga kambi ndio wenye hatia ya kambi. Kuchagua moyo wako hakumfutii mtesi dhambi yake.

4. MIPAKA YA NJIA HII

Kuna mahali ambapo hatuwezi kumfuata Glasser. Alielekea kusema kwamba hata huzuni kubwa mtu hujichagulia, na alizipinga sana dawa za akili. Sisi tunasema: kuna huzuni ambayo ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Mtu asiyelala wiki nyingi, anayesikia sauti, anayetetemeka kila asikiapo mlango ukigongwa kwa nguvu, au anayesema heri afe, huyo asiambiwe "chagua furaha". Asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya, na mmoja wetu aende naye. Maombi na dawa havigombani.

Tena mama anayepigwa nyumbani asiulizwe amefanya nini cha kumkasirisha mumewe. Mkono uliopiga ni wa mume, na uchaguzi wa kupiga ni wa mume. La kwanza ni mama na watoto wawe mahali salama, na wasindikizwe polisi au kwa wahusika wa ulinzi wa wakimbizi iwapo mama anataka. Yale maswali manne, aulizwe mume.

5. BWANA YESU KWENYE BIRIKA

Katika Yohana sura ya 5 Bwana Yesu alimkuta mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38, amelala karibu na maji. Akamwuliza kama anataka kuwa mzima. Swali hilo linashangaza. Nani hataki? Lakini Yesu alimheshimu mtu huyo kiasi cha kumwuliza. Naye akajibu kwamba hana mtu wa kumtia birikani. Hilo lilikuwa kweli: wengine walimtangulia kila mara. Yesu hakumkemea, wala hakumwambia angoje zaidi. Alimpa nguvu asizokuwa nazo, kisha akamwagiza asimame, abebe godoro lake na kwenda. Uponyaji ulikuwa kazi ya Bwana. Godoro alibeba mwenyewe.

6. TUSIUZE MATUMAINI YA UONGO

Neno la mwisho kwetu tunaoshauri. Watu wa Yuda walipochukuliwa mateka Babeli, nabii Hanania aliwaahidi kwamba katika miaka miwili mambo yatarudi kama zamani. Watu walipenda kusikia hivyo. Yeremia aliwaandikia barua ngumu zaidi: itakuwa miaka 70. Jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni na mzae, uombeeni amani mji mnaokaa (Yeremia 29:4-10). Hanania alikuwa mwongo. Yeremia alisema kweli, na katika kweli hiyo kulikuwa na kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Hata leo wako wanaoona "maono" ya ndege kila wiki ya maombi, na mtu anauza mbuzi wake au anaacha shamba bila mbegu kwa sababu ameambiwa safari ni mwezi ujao. Wapendwa, tusifanye hivyo. Anayepanda maharage hajakata tamaa ya kuondoka. Akiondoka, jirani atavuna. Asipoondoka, watoto watakula.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kati ya mambo yanayotusumbua mwezi huu, lipi ni mzigo wa kubebeana, na lipi ni furushi la kila mmoja?
2. Je, yuko mtu hapa nyumbani ambaye tumemlaumu kwa jambo asilolichagua? Tumwendee lini?
3. Kila mmoja, hata watoto, ataje jambo moja dogo atakalofanya kesho, na saa yake.

TUOMBE

Bwana Mungu wetu, ulimwona Hajiri jangwani, ututazame na sisi. Yale tusiyoyaweza, utuchukulie. Yale uliyotupa mikono ya kuyafanya, utuamshe tuyafanye. Utulinde tusiwe kama rafiki za Ayubu, wala kama Hanania. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki nyote, na amani ikae katika nyumba zenu.

Ni sisi ndugu zenu wa kamati ya mashauri.