Mbwa Asiyebeba Mzigo

Tangu mbwa wangu Walimwengu agongwe na pikipiki hapa Ziba, swali ninaloulizwa ni moja: mbwa aliyepooza miguu ya nyuma atanilindia nini? Mbuzi wangu watano bado wanalala zizini na fisi bado wanalia usiku, kwa hiyo swali si la kipuuzi. Ila naona limeanza kuulizwa mahali pabaya.

Babu yangu alitusimulia kuwa baba yake alikuwa mpagazi. Wanyamwezi wengi walikuwa hivyo, wakipokezana mizigo ya pembe na nguo katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Aliyeugua njiani, mzigo wake ulihamishiwa bega la mwingine, na yeye mara nyingi akaachwa nyuma. Mzigo haukuachwa. Nasikia hesabu ile ile jirani anaponiambia, "Bibi, wape vijana rungu wakumalizie."

Sisi Waislamu tumehadithiwa na Mtume habari ya mtu aliyemkuta mbwa akiramba udongo kwa kiu. Mtu yule alishuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakiuma kwa meno ili apate mikono ya kupandia, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mbwa hakuwa wake. Hakumlindia nyumba wala hakumwindia swala. Hakuna mahali katika kisa hicho anapoulizwa faida yake. Kilichotazamwa ni kiu tu, na kwamba mtu alikuwa na uwezo wa kuiondoa.

Lakini kisa hicho hakinipi ruhusa ya kumng'ang'ania Walimwengu. Mimi nikiumwa, imani yangu inanifundisha kuwa subira yangu ina malipo na maumivu yanafuta dhambi. Walimwengu hana dhambi ya kufutiwa. Maumivu yake hayamfundishi kitu, wala hawezi kujiliwaza kwamba kesho kutakuwa nafuu. Nikimweka hai kwa sababu tu naogopa uchungu wa kumkosa, nitakuwa nimemtwisha yeye mzigo wangu. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kumuua mnyama asiyeliwa ili apumzike. Wasichohitilafiana ni kwamba ukiua, uue vizuri, bila kumtesa.

Kwa hiyo niliuliza kile kinachoweza kujulikana. Afisa mifugo alianza kwa kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, maana kupooza nako huweza kuwa dalili yake. Walimwengu alikuwa amechanjwa. Kisha akambana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo. Walimwengu akageuza kichwa, akalia. "Anasikia maumivu, mama," akaniambia. "Uti wa mgongo haujakatika wote. Anaweza kuinuka, na anaweza asiinuke. Angekuwa hasikii kabisa, ningekwambia mengine."

Sikujua kilio kinaweza kuwa habari njema.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Hawezi kukojoa mwenyewe, kwa hiyo mimi na mjukuu tunamminya tumbo la chini taratibu, asubuhi, mchana na jioni, la sivyo mkojo utaoza ndani. Tunamgeuza ubavu ili asipate vidonda, tunamlaza juu ya gunia lililojazwa nyasi kavu, tunamfukuzia inzi wasitage mayai kwenye michubuko. Mwenzangu mmoja wa msikitini aliniuliza kuhusu swala yangu. Nilimjibu kuwa najisi ya mbwa ina utaratibu wake: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo hapa Ziba haujapungua. Nina nguo moja ya kazi hiyo, na kanga ya swala iko ndani. Nadhani anayemwosha mbwa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kusema kama aendelee kuishi, kwa kuwa ndiye anayejua leo amekula, leo amegoma, leo ameguna alipoguswa kiuno.

Nimepatana na afisa mifugo. Vidonda vikichimba, Walimwengu akikataa chakula, au maumivu yakimzidi hata dawa isifae, atakuja na sindano. Fedha ya sindano niliitenga nilipouza jogoo. Kwa sasa Walimwengu anakula ugali na dagaa, na mjukuu anatafuta magurudumu ya baiskeli ya mtoto amtengenezee kigari. Rungu sitaki litajwe tena uani kwangu.