Askari Anapofungwa Bao

Tarehe 1 Juni 2025 Siku ya Madaraka iliadhimishwa Homa Bay, katika uwanja unaoitwa kwa jina la mwanasiasa Raila Odinga. Sisi wa Migori tulipitia Rongo tangu alfajiri. Uwanja wa kandanda ukawa wa gwaride: buti zikagonga kwa pamoja, bendi ya jeshi ikapiga, watu wakashangilia kwa furaha ya kweli. Furaha hiyo siibezi. Ila nimekuwa nikijiuliza, je, uzalendo unaoamshwa na gwaride ni mmoja na ule unaoamshwa na mechi?

Gwaride halina kushindwa. Mwisho wake umepangwa kabla askari wa kwanza hajainua mguu, na mtazamaji akishangilia au akinyamaza, hakuna kitakachobadilika. Lakini shabiki wa Gor Mahia, klabu iliyorithi jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa kule Ndhiwa, analipa kiingilio akijua huenda atarudi nyumbani na huzuni. Wiki ijayo atalipa tena. Naona hapo ndipo mapenzi yanapoanza kuwa mapenzi: pale unapompa mtu au kitu uwezo wa kukuumiza.

Basi dola inapoleta silaha zake uwanjani, imekuja kukopa. Inataka ile hisia iliyokuzwa na miaka ya kufunga na kufungwa, bila kujiweka yenyewe katika hatari ya kufungwa. Marekani waliifanya biashara kabisa: mwaka 2015 maseneta John McCain na Jeff Flake walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wizara ya ulinzi ilikuwa ikilipa timu za michezo mamilioni ya dola, na sehemu ya malipo hayo ilikuwa ya heshima kwa wanajeshi ambazo watazamaji walidhani zimetoka moyoni.

Huku kwetu deni ni zito zaidi, kwa sababu umati una kumbukumbu. Kisumu, Oktoba 1969, risasi zilipigwa kwenye umati uliokuja kumwona Rais akifungua hospitali. Tarehe 16 Oktoba 2025, miezi minne na nusu tu baada ya gwaride la Homa Bay, mwili wa Raila ulipelekwa uwanja wa Kasarani ili watu wamuage. Vikosi vya usalama vikafyatua risasi, na waombolezaji wakafa. Mtu aliyeyaona hayo akisikia buti uwanjani, nani atamlaumu akisita kupiga makofi?

Sisemi askari wasionekane michezoni. Jeshi la Kenya lina timu yake, Ulinzi Stars, mabingwa wa ligi mara nne: 2003, 2004, 2005 na 2010. Hao napenda kuwatazama kuliko gwaride lolote. Askari amevaa kaptula, hana bunduki, anakimbizana na kijana wa mtaani aliye huru kumpiga chenga mbele ya watu wote. Akikosea, anazomewa. Mashabiki wanamwimbia nyimbo za kumchokoza na hakuna anayekamatwa. Akicheza rafu, refa raia, asiye na cheo chochote cha kijeshi, anapuliza filimbi na kuinua kadi nyekundu. Askari anabishana kidogo, kama mchezaji yeyote. Kisha anavua kitambaa cha unahodha, anampa mwenzake, anatoka nje ya mstari.