Ni Lipi Taifa Kubwa Vitani?

Wahenga wamesema, "Mwenye nguvu mpishe." Neno hili ni la hekima, lakini halikutuambia mwenye nguvu ni nani, wala hujulikana kwa alama gani. Watu wengi wakisikia khabari za vita huhesabu manowari, ndege na mabomu, kisha humpa ukubwa yule aliyemzidi mwenziwe. Hesabu hiyo yafaa tuitazame vyema, kwani imewapoteza wengi, na wa kwanza kupotea nayo ni hao wakubwa wenyewe.

Sisi watu wa Mombasa tunao mfano wa karibu. Mwaka 1942 bandari ya Kilindini ilijaa manowari za Kiingereza. Aliyeziona zimetia nanga hakuwa na shaka kuwa huo ndio ukubwa wa dunia. Lakini zilikuja kwa sababu gani? Mwezi wa Aprili mwaka ule Wajapani walishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka, wakazamisha manowari kadha, miongoni mwazo Hermes iliyokuwa ikichukua ndege. Ndipo jeshi la bahari la Waingereza lilipoondolewa huko likaletwa huku, mbali na adui. Basi kilichoonekana Kilindini kuwa ni fahari, kwa hakika kilikuwa ni kujihifadhi.

Vita vile Uingereza ilivishinda pamoja na wenzake, lakini hazina yake ikabaki tupu. Mwaka 1946 ilikopa Marekani dola milioni 3,750 ili isimame, na malipo ya mwisho ya deni hilo yalitolewa Disemba 2006. Tafakari, msomaji: aliyeshangilia ushindi akiwa kijana, huenda mjukuu wake ndiye aliyemaliza deni.

Maana ya deni hilo ilidhihiri Suez. Tarehe 26 Julai 1956 Gamal Abdel Nasser alitangaza kuwa Kampuni ya Mfereji wa Suez imekuwa mali ya Misri. Mwezi wa Oktoba Uingereza, Ufaransa na Israeli zikapatana kwa siri huko Sèvres, karibu na Paris: Israeli ishambulie kwanza, kisha wale wawili waingie kwa jina la wapatanishi. Ikawa hivyo. Tarehe 29 Oktoba Israeli iliingia Sinai; siku mbili baadaye ndege za Waingereza na Wafaransa zikaanza kuipiga Misri; na tarehe 5 na 6 Novemba askari wao wakashuka Port Said, wengine kwa miavuli na wengine kwa meli.

Kwa hesabu ya silaha, ushindi ulikuwa wao. Lakini usiku wa tarehe 6 Novemba waliacha kupigana, na kabla Disemba haijaisha wakawa wametoka Misri. Ni nini kilichowatoa? Akiba ya fedha ya Uingereza ilikuwa ikipungua, na pauni yake ilikuwa hatarini. Misri ilikuwa imezamisha meli ndani ya mfereji, na mafuta hayakuweza kupita. Uingereza ikahitaji mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na Marekani ikakataa kuiunga mkono maadamu imeshikilia vita vile. Marekani haikufyatua hata risasi moja; ilifunga mfuko tu. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Hapa mtu aweza kusema: basi taifa kubwa ni lile lenye fedha. La, hiyo ni nusu ya khabari. Nusu ya pili ni ukweli. Tarehe 2 Novemba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura vita visimamishwe. Mataifa 64 yalikubali, na 5 tu yakakataa. Tarehe 20 Disemba Waziri Mkuu, Anthony Eden, aliliambia Bunge lake kuwa hapakuwa na kujua kabla kwamba Israeli ingeishambulia Misri. Mwezi uliofuata akajiuzulu. Mwenye vita vya haki hana haja ya kuficha alivyovianza. Na aliyewaficha watu wake sababu ya vita, hawezi kuwataka wavumilie taabu yake.

Siku zile zile, tarehe 4 Novemba, vifaru vya Urusi ya Kisovieti viliingia Budapest kuwakandamiza Wahungaria, na hapana aliyeweza kuvitoa. Walisema wengi: hili ndilo taifa kubwa, halimwogopi mtu. Lakini lilipovunjika Disemba 1991 maelfu ya mabomu yake ya nyuklia yalikuwa bado ghalani, na hapana adui aliyelivamia. Wala Marekani, mwenye mfuko, haikusalimika. Katika Vietnam ilipoteza askari zaidi ya 58,000, na Aprili 1975 Saigon ikatwaliwa. Fedha hazikuwa zimemwishia; kilichomwishia ni imani ya watu wake.

Atauliza mwulizaji: je, hawapo waliodhulumu wakashinda, na ushindi wao ukakaa? Wapo, wala haifai kulikana hilo. Lakini ushindi wa dhulma huhitaji mlinzi usiku na mchana, na mlinzi hulipwa. Siku atakapokosekana wa kumlipa, au atakapochoka mwenyewe, ukubwa ule huondoka naye.

Kwa hivyo taifa kubwa vitani ni lile liwezalo kuvibeba vita vyake kwa mali yake, na kuwaambia watu wake sababu yake mchana bila ya haya. Likikosa la kwanza, ukubwa wake umo mkononi mwa mwingine. Likikosa la pili, umo katika silaha tu, na silaha hazina moyo.

Wala tusidhani kuwa haya ni mambo ya wakubwa peke yao. Waliouawa Port Said kwa sababu ya hesabu ile mbovu walikuwamo wenyeji, watu wa mji wa bandari kama sisi, ambao hawakuulizwa shauri. Basi linapotajwa mbele yetu taifa lenye nguvu, tusiwe wepesi wa kustaajabu. Tuulize kwanza: vita hivi ni kwa mali ya nani, na sababu yake yasemwa wazi au yafichwa?