Nguvu za Kukopa

Msomaji wangu, upo mkopo ambao mdai na mdaiwa ni mtu mmoja. Hauandikwi daftarini wala hauna mashahidi, lakini hulipwa pamoja na riba. Mkopo huo ni nguvu za miraa.

Mti huu hustawi katika vilima vya Nyambene, Meru. Vichipukizi vyake hufungwa kwa majani ya mgomba visinyauke, na magari huvikimbiza sokoni, maana kathinoni, dawa iliyo ndani yake, hupungua nguvu kwa muda wa siku mbili hivi. Mtu akitafuna, dawa hiyo huingia katika damu ikafika ubongoni, ikazifanya seli zimwage dopamini, kemikali ambayo mwili hujiwekea kwa ajili ya furaha na hamu ya kutenda. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, njaa hujificha na usingizi hukimbia.

Watu husema kuwa miraa humpa mtu nguvu. Fikiri kidogo. Aliyekesha akitafuna hakulishwa wala hakupumzishwa. Uchovu wake haukuondoka. Umezibwa kinywa tu. Kukicha kinywa hicho hufunguka, na mwenyewe huwa mzito wa mwili, mwepesi wa hasira na mnyonge wa moyo. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Je, sheria itatuamulia? Uingereza iliipiga miraa marufuku mwaka 2014. Kenya iliitia katika orodha ya mazao yake kwa sheria mwaka 2016. Wala simlaumu mkulima, kwani huenda karo yako mwenyewe imetoka katika shamba hilo.

Labda utasema, “Mwili ni wangu na deni ni langu, nani atanihukumu?” Jibu hilo lina uzito, wala silidharau. Lakini nilipoanza nilisema kuwa mdai na mdaiwa ni mtu mmoja, na sasa nasita. Wewe wa usiku huu ndiwe ukopaye. Wewe wa kesho, utakayeketi mbele ya karatasi ya mtihani na kichwa kizito, ndiwe utakayelipa, nawe hukuulizwa. Kumtwisha mtu deni asiloshauriwa ni dhuluma. Je, dhuluma hiyo hugeuka haki kwa sababu aliyedhulumiwa ana jina lako?

Basi utakapopewa kitawi usiku wa kuamkia mtihani, mngoje kwanza huyo wa kesho, umsikilize. Nina hakika ataomba usingizi.