Mzazi Akisahau Jina Letu

Sote twayajua yanenwayo kijijini mzee anapoanza kusahau. Mtu aliyelijua Ziwa Nyasa tangu utoto, siku moja asimama ufukoni pale Liuli asijue njia ya kwake. Au bibi wa Mbinga auliza mara ya tano kama kahawa imeanikwa. Majirani hunong'ona: amerogwa. Wengine humtazama yeye mwenyewe kama mchawi, na twaona haya kusema kwamba baadhi yao ni Wakristo.

Madaktari hunena kwa upole zaidi. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa miaka ya 2009 na 2010 ulikuta kwamba wazee wapata 6 katika kila 100, wa miaka 70 na zaidi, wana ugonjwa huo wa kupotewa na akili. Tena mwaka 2019 wachunguzi wa Rotterdam, Uholanzi, walitangaza kwamba watu ambao presha yao hupanda na kushuka mno, kipimo hata kipimo, waliupata zaidi kuliko wengine. Hawakuapa kwamba presha ndiyo iliyouleta. Yawezekana ubongo uliokwisha kuanza kuharibika ndio huitikisa presha. Tazameni basi: wenye vipimo husema "huenda", nasi tusio na kipimo twasema "hakika"!

Yatupasa kuuliza: Amri ya Nne, tuwafundishayo watoto katika Katekisimo Ndogo, huanza lini, na hukoma lini? Wengi hudhani heshima ni malipo ya shukrani, nayo huhitaji mzazi anayetutambua. Sisi hatukubali. Heshima ya mzazi haikutoka katika akili yake, hata iondoke pamoja nayo.

Tena huanza mapema kuliko tupendavyo. Presha kwa kawaida haiumi. Mama wa miaka 50 humeza vidonge majuma mawili, hujiona mzima, huacha. Ama fedha zimekwisha na kahawa haijauzwa. Kumlaumu ni rahisi. Lakini Jumapili, tulipomwuliza habari za ahadi yake ya sadaka, ni nani kati yetu aliyemwuliza habari za vidonge?

Naye yaweza kuwa atavimeza vyote, asahau hata hivyo. Hilo nalo madaktari hawalifichi.