Jenerali aliyeokoka

Kuna filamu moja ya matukio ya kweli, ya mwaka 2011, inaitwa The Redemption of General Butt Naked. Inamhusu Joshua Milton Blahyi wa Liberia. Katika vita iliyoanza kwao mwaka 1989 aliongoza kundi lililopigana uchi, na ndani yake walikuwemo watoto. Mwaka 1996 akaokoka, akawa mhubiri. Mwaka 2008 alisimama mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, akasema waliokufa mikononi mwake na mwa watu wake hawapungui 20,000. Tume ikapendekeza asishtakiwe, kwa kuwa alikiri.

Vijana ninaofanya nao kazi huuliza kwanza: ameokoka kweli au anaigiza? Mimi hilo namwachia Mungu. Moyo hauna kipimo, hata mchungaji hana. Mimi nawafikiria wale anaowabishia hodi. Maana kwenye filamu anawaendea watu aliowaumiza, anaomba msamaha, na kamera iko pale pale. Sasa wewe jiweke kuwa mama wa nyumba hiyo. Aliyemuua mwanao yuko mlangoni, kashika Biblia. Ukisema nimesamehe, watu wanaitikia aleluya. Ukinyamaza, eti una moyo mgumu. Yaani lawama imemtoka aliyeua, imemwangukia aliyefiwa, jamani!

Sisi wa kambini tunalijua hili. Tunapanga mstari mmoja wa mgao na watu ambao hatujui walikuwa upande gani, na Jumapili shuhuda ni nyingi. Sisemi mtu asiokoke. Heri jirani aliyeweka bunduki chini. Tena kukiri kuna faida yake: wapo wazazi wanaotaka tu kujua mtoto wao alizikwa wapi, na anayejua ni yule yule aliyemuua. Zakayo naye hakutubu kwa maneno matupu, aliahidi kurudisha mara nne. Ila mtoto harudishwi hata mara moja.

Kwa hiyo aliyetubu aje, aseme alichofanya, halafu aende zake bila kudai jibu. Mama akikaa miaka kumi kabla ya kujibu, ni sawa. Akisamehe na bado akataka mahakama, pia ni sawa; huko Liberia amri ya kuanza kuandaa mahakama ya makosa ya vita ilisainiwa mwaka 2024 tu. Na asipojibu kabisa, sisi wa kanisani na sisi wa semina za amani tusimfuate nyumbani kumbembeleza.